Studebaker Lark ya babu inakamata breki ikipanda Kibosho: niiuze au niitengeneze?

MjukuuWaUmbwe

Habari wakuu, na wazee wangu shikamooni.

Nafanya kazi Arusha ila kwetu ni Kibosho Umbwe. Babu alifariki mwaka juzi, na vitu vyake vilipogawanywa mimi niliachiwa gari yake: Studebaker Lark, milango minne, rangi ya maziwa, usukani kulia. Kadi inaonyesha ilisajiliwa 1961. Babu aliinunua kwa pesa ya kahawa kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi pale mjini Moshi, ikiwa tayari imetumika miaka kama sita, akaiendesha mpaka 1998 macho yalipoanza kumsumbua. Tangu hapo imekaa juu ya matofali kwenye banda tulilokuwa tunawekea kahawa, imefunikwa turubai.

Mwezi uliopita nilimleta fundi. Tuliweka betri mpya, akasafisha kabureta, tukafunga kidumu cha lita tano juu ya boneti kiwe tanki la muda, akabadilisha raba zote za breki. Injini iliwaka jaribio la nne. Bibi alikuwa jikoni. Aliposikia ule mlio alitoka na mwiko mkononi, akasimama mlangoni muda mrefu bila kusema neno.

Sasa tatizo. Nikishuka kuelekea mjini breki ni nzuri kabisa. Kwenye tambarare, nzuri. Lakini nikipanda kurudi nyumbani, nikisimama kidogo tu kupisha watu, gari haiondoki tena. Inakuwa kama mtu ameifunga kamba. Nikiachia klachi injini inazima. Tunaweka jiwe nyuma ya tairi, tunakaa dakika kadhaa, halafu inaachia yenyewe. Fundi amefungua magurudumu yote manne mara mbili na hajaona kasoro. Kitu pekee alichokuta ni kifimbo chembamba cha chuma karibu na pedali ya klachi, kilikuwa kimelegea kinagonga, akakifunga kwa waya.

Anasema tung'oe mfumo mzima wa breki tuweke wa Toyota. Mjomba anasema nisipoteze hela, maana kuna jamaa wa chuma chakavu ameahidi laki tisa na anakuja Jumatatu. Sina wa kumuuliza mwingine. Kuna mtu hapa aliwahi kumiliki au kutengeneza gari hizi? Na kampuni yenyewe ilikuwa ya namna gani? Mtaani kwetu hakuna anayeijua.

KijanaWaNgarenaro

Pole kwa msiba dada. Mimi ningechukua hiyo laki tisa. Kampuni ilikufa zamani, spea utatoa wapi? Halafu nimesoma kwamba injini za Lark za 1961 zilikuwa zinapasuka silinda hedi. Kama kadi yako ni ya 1961, hata ukimaliza breki utakutana na hilo. Kama unaipenda sana, chukua bodi tu, weka injini na gia boksi ya Toyota, utatembea nayo bila mawazo.

FundiMzee_Pasua

Marahaba binti yangu, na pole ya babu.

Mpigie simu mtu wa chuma chakavu leo hii, umwambie Jumatatu asije. Gari yako haina ugonjwa wa breki. Ina kifaa ambacho fundi wako hajawahi kukutana nacho, na simlaumu, kwa sababu mimi nilikijua kwa kosa langu mwenyewe.

Mwaka 1970 nilikuwa spanaboi wa miaka kumi na sita kwenye gereji moja hapa Moshi. Ililetwa Lark ya mwalimu mmoja aliyekuwa anaishi juu huko huko kwenu. Malalamiko yalikuwa haya haya yako, neno kwa neno: ikipanda inakamata. Fundi mkuu akaniambia niingie chini nitoe "ile takataka" iliyokuwa kwenye paipu ya breki, niunganishe paipu moja kwa moja. Nikatoa. Nilipoifungulia mezani, juu ya beseni la mafuta ya taa, ikadondoka gololi ya chuma, nzito, imezungukwa na utando wa mafuta ya breki ya zamani kama ulimbo. Niliifuta kwa shati langu ikang'aa. Nikaiweka mfukoni, nikidhani ni beringi iliyopotea njia.

Siku ya tatu mwalimu alirudi kwa miguu. Alikuwa amesimama kwenye mlima na watoto watatu nyuma, akanyanyua mguu kwenye breki kama alivyozoea miaka yote, gari ikarudi kinyumenyume mpaka kwenye mfereji. Hakuumia mtu. Alikuja na kitabu cha gari kwapani. Hakupiga kelele. Alikifungua juu ya boneti ya gari nyingine, akachukua kalamu, akatuonyesha mchoro, mimi na fundi mkuu. Nikatoa ile gololi mfukoni nikaiweka juu ya ukurasa. Nilikuwa natetemeka.

Wamarekani walikiita Hill Holder. Studebaker walianza kukiweka mwaka 1936, miaka mingi kabla magari ya sasa hayajafanya kazi hiyo kwa umeme. Sisi gereji tulikiita kigingi. Kinakaa kwenye njia ya mafuta ya breki, karibu na masta silinda. Ndani kuna hiyo gololi. Pua ya gari ikielekea juu, gololi inabingirika kwenda nyuma na kuziba tundu ambalo mafuta hurudia. Kwa hiyo ukikanyaga breki na klachi ukiwa mlimani, kisha ukatoa mguu kwenye breki, gari inabaki imeshikwa. Mguu wako wa kulia uko huru kwenda kwenye pedali ya petroli. Ukianza kuachia klachi, kuna kifimbo kinachotoka kwenye pedali, kinazungusha kipande kidogo cha chuma kinachoisukuma gololi itoke kwenye tundu. Mafuta yanarudi, breki zinaachia, unaondoka bila kurudi nyuma hata inchi moja.

Kwenye tambarare au ukishuka, gololi haibingiriki kwenda kuziba. Ndiyo maana huoni tatizo ukienda mjini.

Sasa soma tena ulichoandika kuhusu kile kifimbo. Fundi wako amekifunga kwa waya. Hakuna tena kinachoisukuma gololi. Inakaa pale inaziba mpaka mafuta yapenye yenyewe taratibu, ndizo zile dakika mnazokaa na jiwe. Usitoe chochote. Toa waya. Utaona mwisho wa kifimbo kuna nati ya kurekebishia. Irefushwe au ifupishwe kidogo kidogo, mpaka breki ziachie pale pale klachi inapoanza kushika. Zikichelewa, injini itazima. Zikiwahi, utarudi nyuma. Fanyieni kazi hiyo mlimani, mawe yakiwa nyuma ya matairi, si gereji kwenye sakafu.

Kuhusu silinda hedi, kijana amesema jambo la kweli, ila tuangalie kama linakuhusu. Lark za 1959 na 1960 zenye silinda sita zina injini ya zamani, lita 2.8, nguvu za farasi 90, valvu ziko pembeni ndani ya bloku na hedi yake ni kama mfuniko bapa wa sufuria. Ile haina cha kupasuka kirahisi. Mwaka 1961 walihamishia valvu juu, nguvu zikafika 112, na hizo ndizo hedi zilizopasuka katikati ya valvu. Kadi yako inataja mwaka wa kusajiliwa, na gari ilisafiri kwa meli, huenda iliundwa mwaka uliotangulia. Fungua boneti. Ukiona plagi sita zimesimama wima juu ya hedi bapa, ni ile ya zamani, furahi. Ukiona mfuniko wa bati uliobinuka juu na plagi ziko ubavuni, ni ya 1961, basi usiiache ichemke hata mara moja.

Umeuliza kampuni ilikuwa ya namna gani. Hilo swali nimelisubiri miaka mingi mtu aniulize.

Walikuwa wahunzi. Ndugu wawili, Henry na Clement Studebaker, walifungua kibanda cha kufua chuma South Bend, jimbo la Indiana, mwaka 1852. Sisi huku mlimani tunaijua heshima ya mhunzi, nenda Mamba uone wanaofua mpaka leo. Mdogo wao John alikimbilia California kwenye dhahabu, lakini badala ya kuchimba alikaa Placerville akiwatengenezea wachimbaji toroli. Mwaka 1858 akarudi nyumbani na dola 8,000, akaziweka kwenye kazi ya ndugu zake. Wakawa watengenezaji wakubwa wa mikokoteni ya farasi, jeshi la Kaskazini likaitumia kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Gari yao ya kwanza, 1902, ilikuwa ya umeme. Ya petroli ikafuata 1904. Fikiria hilo: mtu aliyenunua mkokoteni wa Studebaker, mwanawe alinunua gari ya Studebaker.

Vita vya pili walitengeneza malori ya magurudumu sita, mengi yakapelekwa Urusi. Na kwa upande wetu huu wa dunia, Studebaker zilikuwa zinaunganishwa Uitenhage, Afrika Kusini, kiwanda hicho hicho ambako Volkswagen Beetle ya kwanza ya nchi ile ilitoka Agosti 1951. Usukani kulia haukuwa jambo la ajabu kwao.

Lark ndiyo iliyowaokoa, kwa muda. Mwaka 1954 walikuwa wameungana na Packard, kampuni nyingine ya magari, na wote wawili walikuwa wanaumwa. Packard ikafa 1958. Hawakuwa na fedha za kubuni gari mpya, basi wakachukua bodi waliyokuwa nayo tangu 1953 wakakata mbele na nyuma, wakaacha chumba cha abiria kama kilivyokuwa. Ndiyo maana Lark ni fupi nje lakini wakubwa wanakaa nyuma bila kukunja magoti. Mwaka wa kwanza walitengeneza zaidi ya 130,000. Halafu makampuni makubwa ya magari ya Detroit yakaleta magari madogo yao, Falcon, Corvair na Valiant, na yale yalikuwa na wauzaji kila kona.

Desemba 9, 1963 wakatangaza kufunga kiwanda cha South Bend. Kabla ya Krismasi gari ya mwisho ilikuwa imetoka. Kiwanda cha Hamilton, Kanada, kiliendelea mpaka Machi 1966, kikafungwa nacho. South Bend peke yake watu kama 7,000 walipoteza kazi. Na kilichoniuma zaidi nilipokuja kukisoma ni pensheni. Mfuko haukutosha. Waliokwisha kustaafu walilipwa. Wafanyakazi wapatao 4,000 wa kati ya miaka 40 na 59 walipata takriban senti 15 kwa kila dola waliyostahili, na vijana hawakupata kitu. Kilio chao ndicho kilichosukuma Marekani kutunga sheria ya kulinda pensheni mwaka 1974. Kaka yangu alifanya kazi kwenye shirika moja lililovunjika, akadai mafao yake mpaka anaingia kaburini. Kila nikishika kipande cha chuma chenye jina lile nawakumbuka wale wa South Bend na namkumbuka yeye.

Kwa hiyo kijana, nakuheshimu, lakini hapana. Injini ya Toyota ni nzuri kwenye Toyota. Hii bado inawaka jaribio la nne baada ya miaka yote hiyo bandani.

MamaKoku_Njiro

Nimesoma kwa Mzee mpaka nikasahau chai. Mimi si fundi ila nina jambo moja la kumwambia binti kabla hajashuka tena mlima.

Baba yangu alikuwa dereva kwenye shamba la kahawa upande wa Tengeru. Meneja alikuwa na Lark ya stesheni wagoni, ya kijani. Jumapili baba aliruhusiwa kuipeleka kwa shangazi Nkoaranga, nasi tukijazana nyuma tukitazama barabara inavyokimbia. Chini ya dashibodi kulikuwa na mpini mdogo wa kuvuta. Kabla ya kuanza kuteremka baba alisimama kabisa, akauvuta, ndipo akaondoka. Siku moja nikamuuliza. Akaniambia gari hii ina odadraivu, yaani gia ya ziada ya mwendo wa kasi, na mpini ukiwa umesukumwa ndani, mwendo ukipungua gia inakuwa huru kama baiskeli ukiacha kukanyaga. Injini haikushiki. Unabaki na breki peke yake, na breki zikipata moto umekwisha. Ukiuvuta nje, injini inarudi kukushika.

Naikumbuka sauti yake: mpini ukiwa ndani, gari ilishuka kimya kabisa, unasikia upepo tu. Ukivutwa, injini inanguruma chini chini njia nzima. Sisi watoto tulipenda ile ya kimya. Baba hakutupa hata mara moja.

Angalia kama ya babu inao.

MjukuuWaUmbwe

Wazee wangu, sijui niseme nini. Aikambe sana.

Nimemwambia jamaa wa chuma chakavu asije. Mjomba amenuna.

Nimefungua boneti: plagi sita, zimesimama wima juu ya hedi bapa. Mpini upo pia, uko kulia chini ya dashibodi, ulikuwa umesukumwa ndani wakati wote. Ina maana nimeshuka mpaka mjini mara tatu bila injini kunishika. Mwili ulinisisimka niliposoma maneno ya Mama Koku.

Mzee, fundi amekubali kurudi. Alisoma maelezo yako mwenyewe kwenye simu yangu, akayarudia mara mbili, akasema "kumbe". Maswali mawili. Moja, tukifungua kigingi chenyewe tukisafishe na nini? Pili, kwenye fenda za mbele, juu na nyuma ya taa, rangi imevimba kama malengelenge. Ni kitu cha kuogopa?

FundiMzee_Pasua

Huyo fundi wako mtunze. Anayesema "kumbe" anafundishika.

Kigingi kioshwe kwa spiriti au mafuta mapya ya breki, si petroli wala dizeli, maana vinaharibu raba. Mimi nilitumia mafuta ya taa enzi zile kwa kutojua. Gololi ikiwa na vishimo vya kutu, isirudishwe. Pima kipenyo, nenda kwa wauza beringi ukatafute ya kipenyo hicho hicho. Hata raba za breki, usiulize duka kwa jina la gari, watakucheka. Pima silinda, uliza kwa kipenyo. Kitakachokosekana kabisa kinapatikana Marekani, wapo watu huko huko Indiana wanaouza spea za Studebaker mpaka leo.

Malengelenge ya fenda ni ugonjwa wa ukoo. Matope yanarushwa na tairi yanakaa juu ya taa kwa ndani, yanashika maji, bati linaoza kutoka ndani kuja nje. Ingiza mkono nyuma ya taa, utatoa udongo wa Kibosho wa tangu 1998. Toa wote kwa maji, ikauke, kata palipooza, chomelea bati jipya. Usikubali kupakiwa puti juu ya kutu.

MjukuuWaUmbwe

Natoa mrejesho.

Jumamosi tulitoa waya. Kigingi kilikuwa na ule ulimbo Mzee alioutaja. Gololi ilikuwa safi, bila kishimo, nikaishika kiganjani kabla haijarudi. Kurekebisha nati kulituchukua saa mbili mlimani, fundi yuko chini anazungusha nusu mzunguko, mimi naachia klachi, mpwa wangu anaweka na kutoa mawe. Tulipopatia sikuamini. Nilisimama kwenye mteremko, nikatoa mguu kwenye breki kabisa, gari ikatulia kama iko sebuleni. Nikaachia klachi, ikaondoka kama maji.

Nilirudi nyumbani nikamchukua bibi. Alikaa mbele, kanga mbili, mkoba mapajani. Tulipofika penye kona ya juu nikasimama kupisha gari, nikatoa mguu. Bibi akatazama miguu yangu, akasema, "Babu yako alikuwa anasimama hapa hapa kunionyesha kwamba hairudi nyuma." Ndiyo mara ya kwanza namsikia akimtaja tangu msiba.

Matope kwenye fenda yalijaa ndoo moja na nusu.

FundiMzee_Pasua

Asante kwa kurudi kutuambia. Msalimie bibi, mwambie Pasua kuna mtu anamsalimu.

Kabla ya masika badilisha hosi za breki za raba, zote. Zilizokaa muda huo zinavimba kwa ndani na hutaona kwa nje. Na toa hicho kidumu juu ya boneti, tanki lisafishwe vizuri. Petroli haikai juu ya injini ya moto. Wiki ijayo nina nafasi Alhamisi, shuka nayo nikaione. Mpini ukiwa umevutwa.